Kufuma nakshi ya miraba: Anayeanza hukosea wapi?

SWETA la mtoto linapofumuliwa kwa mara ya tatu, uzi huanza kutoa manyoya, hupoteza mng'aro wake, na aghalabu mfumaji naye huiweka kazi hiyo kabatini isionekane tena. Kwa kawaida mkasa huo hausababishwi na uzito wa mikono. Anayeanza hukimbilia kufuma vazi zima kabla hajaelewa kwamba nakshi nyingi zinazoonekana ngumu, kama vile miraba, pembetatu na almasi zilizotuna juu ya kitambaa, hutokana na vitanzi vya aina mbili tu.

Aina ya kwanza ni kitanzi cha uso. Uzi hukaa nyuma ya kazi, ncha ya sindano ya kulia huingia katika kitanzi kutoka mbele kwenda nyuma, kisha huuvuta uzi upite ndani yake. Kinachobaki ni alama ndogo mfano wa herufi V. Aina ya pili ni kitanzi cha mgongo, ambacho uzi wake hukaa mbele na sindano huingia kutoka nyuma kuja mbele. Hicho huacha kinundu kilicholala. Kwa hakika hicho ni kitanzi kilekile kilichotazamwa kwa upande mwingine, kwani kilicho cha uso upande huu ni cha mgongo upande wa pili. Aliyelielewa jambo hilo amekwisha kuvuka nusu ya safari, na hahitaji tena kukariri kila mstari.

Mchanganyiko wa vitanzi hivyo ndio unaozaa mbinuko. Vitanzi vya uso vinapopangwa wima kando ya vile vya mgongo, vya uso hujitokeza mbele na vya mgongo huzama. Vikipangwa kwa mlalo mambo hugeuka, vya mgongo vikainuka kama tuta. Mwanga unapopita juu ya kitambaa hicho, kivuli huchora umbo ingawa uzi ni wa rangi moja. Ndiyo maana haishauriwi kujifunzia uzi mweusi au wa rangi zilizochanganyika, kwa kuwa huficha vitanzi na nakshi yenyewe.

Nakshi inayomfaa zaidi anayeanza ni ile ya miraba inayopishana, mithili ya ubao wa drafti au mkeka uliosukwa kwa ukindu mpana. Kinachohitajika ni uzi wa unene wa wastani, sindano mbili za milimita 4 na kitambaa kidogo cha majaribio. Mfumaji huanzisha vitanzi 40 na kufuma mistari 6 yote kwa vitanzi vya uso ili kupata pindo lisilojikunja.

Baada ya hapo, katika mistari 6 inayofuata, hufuma vitanzi 4 vya uso kwa ajili ya ukingo, kisha 4 vya uso na 4 vya mgongo, na kurudia hivyo mpaka vibaki vitanzi 4, ambavyo navyo ni ukingo na hufumwa kwa uso. Mstari wa kwenda na wa kurudi hufumwa kwa maelekezo hayohayo, kwa sababu kazi inapogeuzwa, mraba wa mgongo huwa ndio wa kwanza kukutana na sindano baada ya ukingo, nao kwa upande huo huonekana kuwa wa uso.

Mistari 6 ikikamilika, miraba hubadilishana nafasi. Baada ya ukingo wa vitanzi 4, mfumaji huanza na 4 vya mgongo, kisha 4 vya uso, akirudia mpaka mwisho na kufunga mstari kwa ukingo uleule. Mistari hiyo 12 ndiyo nakshi nzima. Hurudiwa mpaka kitambaa kifikie urefu unaotakiwa, kikamaliziwa kwa mistari mingine 6 ya uso.

Huenda msomaji akajiuliza kwa nini mraba wa vitanzi 4 uwe na mistari 6 badala ya 4. Jibu ni kwamba kitanzi ni kipana kuliko kimo chake. Kwa uzi wa wastani, sentimita 10 huweza kuchukua vitanzi 22 kwa upana lakini mistari 30 kwa urefu. Mraba wa vitanzi 4 kwa mistari 4 ungetoka umebonyea kama tofali.

Kosa linalowasumbua wengi hutokea pale wanapobadilisha kutoka uso kwenda mgongo. Uzi unapaswa kupita katikati ya sindano mbili kuja mbele. Ukipitishwa juu ya sindano, huzaliwa kitanzi cha ziada pamoja na tundu, na miraba yote iliyo mbele yake husogea. Kinga yake ni kuhesabu vitanzi kila mwisho wa mstari, navyo lazima viwe 40. Kitanzi kimoja kilichofumwa vibaya mistari kadhaa chini hakihitaji kazi nzima kufumuliwa. Safu hiyo moja tu huachiwa iteremke hadi kwenye kosa, kisha hupandishwa ngazi kwa ngazi kwa sindano ya kroshia.

Kitambaa cha majaribio kina kazi nyingine ambayo wenye haraka huidharau. Sweta la vitanzi 160 litakuwa na mzunguko wa takriban sentimita 73 iwapo mkono wa mfumaji unatoa vitanzi 22 kwa kila sentimita 10. Akilegeza mkono kidogo tu, akapata 20, sweta hilohilo hufikia sentimita 80. Kwa vazi la mtoto, sentimita 7 ni tofauti ya kuvaa na kutovaa.

Nakshi za namna hii zina historia ndefu miongoni mwa wavuvi wa pwani za Uingereza, ambako masweta ya buluu iliyokoza, yanayonasibishwa na kisiwa cha Guernsey, yalifumwa kwa uzi uliosokotwa kwa kukazwa sana. Miraba, almasi, ngazi na bendera zilipangwa zaidi kifuani. Mikono ilifumwa kuanzia begani kuteremka chini, hivyo kiganja cha mkono kilichochakaa kiliweza kufumuliwa na kufumwa upya bila kuligusa vazi lingine. Ni busara ya watu wasio na uzi wa kuchezea.

Husimuliwa pia kwamba nakshi hizo zilikusudiwa kuwatambulisha wavuvi waliokufa maji. Simulizi hilo linavutia, lakini mara nyingi mizizi yake huhusishwa na tamthilia ya John Millington Synge, Riders to the Sea, ya mwaka 1904, ambamo marehemu anatambuliwa na dada yake kwa soksi aliyomfumia, baada ya kuhesabu vitanzi alivyoviangusha. Ilikuwa soksi, wala si nakshi ya kijiji.

Kitambaa kikishamalizika, pasi iwekwe mbali. Joto lake hulaza mbinuko wote, na kwa uzi wa akriliki madhara hayo hayarekebishiki. Inatosha kukiloweka katika maji ya uvuguvugu, kukikamua kwa kukikunja ndani ya taulo, kisha kukitandaza juu ya taulo jingine kavu, miraba ikinyooshwa kwa vidole, na kukiacha kikauke kivulini.