Nondo wa Nguo, Mla Manyoya Anayekimbia Mwanga

Asubuhi za Bule si za shati moja. Ukitoka Bunia ukapanda hadi huko, kwenye nyanda za juu za Djugu, baridi inakulaki njiani, na ndipo unapoona makoti ambayo mjini yangekuwa mzigo: ya sufu, ya ngozi ya kondoo, na mara mojamoja koti lenye kola ya manyoya halisi lililotoka kwenye robota la mitumba. Jua likipanda, koti huvuliwa, likakunjwa, likatiwa sandukuni. Humo gizani ndimo anamofanyia kazi mdudu ninayetaka umjue.

Ni nondo wa nguo, ambaye wanasayansi humwita Tineola bisselliella. Mwili wake haufiki sentimita moja, na rangi yake ni ya nyasi kavu inayong'aa. Watu humkimbiza yule anayeruka wakidhani ndiye mharibifu, kumbe yule hali kitu. Kinywa chake hakifanyi kazi. Alikula alipokuwa kiwavi, na sasa amebakiwa na muda mfupi wa kutafuta mwenzi. Tena anayerukaruka chumbani aghalabu ni dume. Jike hutambaa kwenye mikunjo na kutaga mayai kama 40 au 50, akiyagandisha kwenye nyuzi.

Kiwavi anayeanguliwa ndiye wa kustaajabiwa. Nywele, sufu, kucha na pembe zimejengwa kwa protini iitwayo keratini. Binadamu akimeza unywele, unatoka kama ulivyoingia, kwa sababu molekuli za keratini zimefungwa kwa vifungo vya salfa ambavyo wanyama wachache mno wanaweza kuvivunja. Utumbo wa kiwavi huyu ni mkali kama maji ya magadi, na oksijeni ndani yake ni haba sana. Katika hali hiyo vifungo vya salfa hulegea, na vimeng'enya vyake vikapata pa kukata. Hahitaji hata tone la maji ya kunywa. Kinyesi chake hufuata rangi ya alichokula: koti jekundu, punje nyekundu. Ukikuta punje za namna hiyo chini ya sanduku, pamoja na utando kama wa buibui, hilo si vumbi.

Wako watafiti wanaodhani kwamba asili yake ni Afrika, na kwamba Ulaya hakufika kabla ya mwishoni mwa karne ya 18. Ndugu yake, Ceratophaga vastella, bado anaishi huku kwetu porini na malishoni. Viwavi wake hula pembe za nyati, swala na ng'ombe waliokufa. Ukiona pembe kuukuu imeota vimirija vya udongo na hariri, kama vidole, umefika nyumbani kwake.

Huko Ulaya na Marekani, majira ya joto yakifika, wenye makoti ya manyoya huyapeleka kwenye vyumba vya baridi vya mafundi manyoya: nyuzi 10 au chini yake, unyevu kama asilimia 50. Baridi ya Bule haitoshi kumwua kiwavi. Inamchelewesha tu, naye anaweza kukaa katika hali ya kiwavi hata zaidi ya mwaka. Na unyevu wetu wa masika ni adui wa pili, maana ngozi inayobeba manyoya huota ukungu. Ndiyo sababu mfuko wa plastiki, ambao wengi huuamini, ni kosa: unafungia unyevu ndani. Shuka kuukuu la pamba linafaa zaidi, na koti litundikwe kwenye kitundikio kipana, lisibanwe.

Kwanza lakini hakikisha ni manyoya kweli. Chomoa uzi mmoja uuchome. Ukinuka kama unywele ulioungua na majivu yakasagika, yalinde manyoya hayo. Ukiyeyuka ukawa kitone kigumu, ni poliesta, kama yalivyo mablanketi mengi ya siku hizi, na hiyo nondo hawezi kuila.

Nondo hupenda jasho na mafuta ya mwili, kwa hiyo koti chafu lisilale sandukuni. La sufu linafuliwa. La manyoya usilitie majini, ngozi itakakamaa. Likung'ute, lipige brashi, litundike kivulini penye upepo, na urudie mara kwa mara. Kiwavi hustahimili njaa kuliko mwanga na kusumbuliwa.

Kama ameshaingia, plastiki ndipo inapopata kazi. Mwenye jamaa anayemiliki friza ya samaki Bunia alifunge koti barabara mfukoni na kuliweka humo wiki mbili kwa nyuzi 18 chini ya sifuri. Likitoka, mfuko usifunguliwe mpaka baridi iishe, ili umande ubaki nje na manyoya yabaki makavu.

Vidonge vyeupe vya naftalini vinaua nondo, sikatai. Lakini katika nchi za malaria watu wengi huzaliwa na upungufu wa kimeng'enya kiitwacho G6PD bila kujua. Kwa mtoto mchanga mwenye upungufu huo, naftalini hupasua chembe nyekundu za damu. Macho na ngozi hugeuka njano, na ubongo unaweza kuharibika. Wala si lazima amemeza kidonge. Kufunikwa blanketi lililohifadhiwa na vidonge hivyo kunatosha.