Mshale Unaposema Salama, Uhakikishe

Askari aliyelala zamuni ni hatari kwa kambi nzima. Lakini hatari yake ni ndogo kuliko ya yule aliye macho, akaulizwa habari za usiku, akajibu "Salama" ilhali adui amekwisha kuingia ndani ya seng'enge. Katika gari la kazi, mlinzi wa namna hiyo ni geji iliyoharibika. Leo yafaa tumzungumzie, kwa kuwa wengi wetu, wanajeshi kwa polisi, tungali tunaendesha pikapu ambazo umri wake wapita ule wa baadhi ya vijana tunaowapakia nyuma.

Jioni moja tulikuwa tukitoka Misiera, katika makazi ya wakimbizi ya Nakivale, wilayani Isingiro. Makazi hayo yalianzishwa mwaka 1958, na hata leo Kiswahili husikika humo kila upande, maana wakazi wengi wametoka Kongo na Burundi. Tulikuwa tukielekea Mbarara, na mbele, kati yetu na dereva, tulikuwa tumemketisha konstebo mmoja aliyeshikwa na homa kali, ambaye alihitaji kuonana na daktari usiku ule ule.

Tulipokuwa tukipanda vilima kabla ya kuifikia barabara ya lami, mshale wa joto ulikuwa umekwisha kupita nusu. Mara ukaanguka mpaka chini kabisa. Dereva wetu, koplo mzoefu, akatabasamu. "Afande, injini imepoa," akasema. Nasi tukafurahi pamoja naye. Kilometa tatu hazikutimia, injini ikalegea, ikagonga, ikazimika. Tulipofungua boneti tuliona mpira wa rejeta umepasuka na maji yote yamekwisha. Mgonjwa wetu aliingia Mbarara saa nne za usiku juu ya lori la ndizi. Twashukuru kwamba alipona. Injini haikupona, kwa maana hedi yake ilikuwa imepinda.

Je, ilikuwaje mshale ushuke wakati injini inaungua? Sababu ni hii. Geji ya joto haioni joto kwa macho yake. Hutegemea kidude kidogo kilichofungwa kwenye injini, ambacho mafundi hukiita senda, na ambacho hukaa ndani ya maji. Maji yakiwa baridi, kidude hicho huuzuia umeme kwa nguvu. Yakipata moto, huuachia upite kwa wingi, na mshale hupanda. Maji yakitoweka, senda hubaki ikining'inia hewani wala haipati tena joto la kweli la injini. Kwa hiyo mshale hushuka, na dereva hudhani amepata nafuu.

Kutokana na mkasa huo tulijiwekea kanuni moja, nayo ndiyo tunayoileta mbele yenu: geji ikisema hatari, iamini kwanza, ikisema salama ghafla, ihakikishe. Mshale wa joto ukipanda mpaka kwenye mstari mwekundu, au mshale wa oili ukianguka, simama na uzime injini kabla ya kuanza kubishana kama geji ni nzima. Kisha tafuta shahidi wa pili. Shahidi wa oili ni kijiti chake cha kupimia. Shahidi wa maji ni rejeta yenyewe, lakini mfuniko wake usifunguliwe mpaka injini ipoe, maana maji yaliyobanwa humo hurukia uso na kuunguza vibaya.

Hapa kwetu kuna jambo jingine la kukumbuka. Mji wa Mbarara uko zaidi ya meta 1,400 juu ya usawa wa bahari, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka kwenye nyuzi 95 hivi badala ya 100. Mfuniko wa rejeta ndio unaoyabana yasichemke mapema. Mfuniko ukichoka, gari laweza kuchemsha hali mshale haujafika kwenye mstari mwekundu. Hapo geji haina kosa lolote.

Sasa tuje kwenye kumtafuta mkosaji. Madereva wengi, mara waonapo mshale umekufa, hukimbilia kung'oa dashibodi au kununua geji kuukuu mjini. Huko ni kuanzia mwisho. Kwanza uliza: ni geji moja iliyoharibika, au zote kwa pamoja?

Zikifa zote kwa wakati mmoja, usiilaumu geji. Tazama fyuzi. Kisha tazama waya wa ethi, yaani ule unaofungwa kwenye bodi la gari nyuma ya dashibodi. Ukiwasha taa kubwa na mishale yote ikayumba, basi ethi imelegea au imeshika kutu. Katika pikapu nyingi za zamani kuna pia kidhibiti kidogo kinachopunguza umeme wa betri ili geji zipate kiasi kisichobadilika. Kikiharibika, geji ya mafuta na ile ya joto hudanganya pamoja: zote hupanda kupita kiasi, ama zote hulala.

Ikiwa iliyokufa ni moja tu, mfano ile ya joto, jaribio ni jepesi. Zima swichi, chomoa waya wa senda, kisha washa swichi bila kuwasha injini. Mshale ukae upande wa baridi. Halafu gusisha waya huo kwenye chuma cha bodi kwa kupitia balbu ndogo, ili umeme usipite kwa kishindo ukaunguza geji. Mshale ukipanda taratibu upande wa moto, geji na waya ni vizima. Mkosaji ni senda. Usipopanda, waya umekatika njiani au geji yenyewe imekufa. Na kama mshale wabaki juu hata baada ya kuchomoa waya, basi mahali fulani waya umechubuka na unagusa bodi.

Geji ya mafuta katika pikapu nyingi za Kijapani hupimwa kwa njia hiyo hiyo: waya ukichomolewa, mshale hulala, ukigusishwa kwenye bodi kwa balbu, hupanda hadi tangi limejaa. Baadhi ya magari ya Kimarekani huenda kinyume, hivyo kitabu cha gari kisomwe kwanza. Tangini senda huendeshwa na boya, na boya likitoboka huzama, mshale ukasema tangi ni tupu siku zote. Jaribio hilo lifanyiwe kwenye kiungo cha waya kilicho mbali na tangi, wala pasiwe na sigara wala cheche karibu. Wakati wa kungojea matengenezo, jaza tangi na uandike kilometa, upate kujua ulipofikia.

Mshale wa spidomita ukitetema katika magari haya, mara nyingi kebo yake imekauka au imepinda. Usipuuze kwa kuwa gari bado latembea. Kebo ikikatika, hesabu ya kilometa husimama, na hapo hutajua siku ya kubadili oili. Ama geji ya chaji, shahidi wake ni mita ya umeme kwenye betri: volti 12.6 hivi injini ikiwa imezimwa, na kati ya 13.8 na 14.4 ikiwa inanguruma. Pungufu ya hapo, tazama mkanda wa alteneta kabla ya kuilaumu geji.

Katika vumbi la Nakivale na matope ya masika, sehemu kubwa ya maradhi haya huwa kwenye viungo vya waya vilivyoshika kutu. Kipande cha msasa na nusu saa ya subira hutibu mengi ambayo wengine huyalipia fedha nyingi.

Dereva mwema huitazama mishale yote anapowasha gari, huitazama tena kila anaposimama, na huandika kasoro katika kitabu cha gari siku ile ile aionayo. Zaidi ya hayo, hukariri mahali ambapo kila mshale hukaa siku za kawaida, kama mlinzi anavyokariri nyayo za watu wa kambi yake. Koplo wetu wa siku ile angali dereva. Siku hizi mshale ukishuka ghafla hatabasamu. Huegesha gari kando, akashuka na kupiga goti kutazama kama kuna maji yanayodondoka chini ya injini.