Gemu ya kompyuta kwenye mashine ya kiganjani: Kinachoikwamisha na kinachoikwamua

BULWA ni eneo la mashamba ya chai katika Usambara Mashariki, wilayani Muheza, mkoani Tanga. Katika vijiji vya milimani kama hivyo, kompyuta ya mezani ni chombo cha ofisini na cha shule chache, ilhali simu ya mkononi imekwisha kuzoeleka majumbani. Kwa hiyo si ajabu mtu akinakili gemu ya kujifunzia hesabu kutoka kompyuta ya mjini, akaibeba kwenye flashi hadi kijijini, kisha akaihamishia kwenye kishikwambi akitarajia watoto waanze kuicheza. Faili linaonekana na ukubwa wake ni uleule, lakini halifunguki.

Wengi hudhani kwamba faili limeharibika njiani au limeingiwa na virusi. Mara nyingi halina kasoro yoyote. Tatizo ni kwamba gemu hiyo imeandikwa kwa lugha ambayo prosesa ya kishikwambi haiifahamu.

Jambo hili haliwahusu wapenzi wa michezo peke yao. Vishikwambi vilivyotumika katika Sensa ya Watu na Makazi ya mwaka 2022 viligawiwa walimu baada ya kazi hiyo kumalizika. Tangu hapo, swali la ni programu zipi zinazoweza kuendeshwa ndani ya mashine ya kiganjani limekuwa pia swali la darasani.

Lugha mbili za prosesa

Prosesa ndiyo ubongo wa kompyuta. Haielewi Kiswahili wala Kiingereza, bali hufuata maagizo mafupi ya namba: jumlisha, linganisha, hifadhi, ruka hadi agizo fulani. Kila ukoo wa prosesa una orodha yake ya maagizo.

Kompyuta nyingi za mezani na za mapajani zinatumia ukoo uitwao x86, ulioanza na prosesa ya Intel 8086 ya mwaka 1978. Simu na vishikwambi, karibu vyote, vinatumia ukoo wa ARM, ambao prosesa yake ya kwanza ilitengenezwa na kampuni ya Acorn ya Cambridge, Uingereza, mwaka 1985. ARM ilipendwa katika vyombo vidogo kwa sababu inatumia umeme kidogo.

Tofauti iliyopo ni kama ya barua mbili zenye ujumbe mmoja, kila moja ikiwa imeandikwa kwa lugha yake. Anayejua lugha moja tu atashindwa kuisoma barua ya pili, hata kama habari zake ni zilezile.

Juu ya kikwazo hicho kuna cha pili. Gemu nyingi za kompyuta zimeundwa kwa ajili ya Windows, na kila zinapotaka kufungua dirisha, kupiga sauti au kusoma faili, huomba huduma hiyo kwa majina ya Windows. Mashine za kiganjani nyingi zimejengwa juu ya Linux, mfumo ulioanzishwa na Linus Torvalds nchini Finland mwaka 1991. Hata Android, iliyomo katika simu nyingi za Afrika Mashariki, imesimama juu ya kiini cha Linux. Hivyo gemu hukutana na prosesa isiyoelewa maagizo yake, na pia na mfumo usiotambua maombi yake.

Mkalimani na mfasiri

Njia ya kwanza ya kuondoa kikwazo cha prosesa ni kuweka mkalimani. Hii ni programu inayosoma maagizo ya x86 na kuyatekeleza kwa maagizo ya ARM wakati gemu ikiendelea. DOSBox, iliyotolewa mara ya kwanza mwaka 2002, huiga kompyuta nzima ya zamani ya DOS, pamoja na kadi yake ya sauti na ya picha. Kwa kuwa gemu za miaka ya 1980 na mwanzoni mwa miaka ya 1990 zilitengenezewa kompyuta dhaifu, mashine ndogo ya leo huzimudu.

Kwa gemu nzito zaidi, kutafsiri agizo mojamoja kila linapojitokeza huchukua muda mwingi. Ndiyo maana programu kama Box86, Box64 na FEX hutafsiri fungu zima la maagizo, zikahifadhi tafsiri hiyo kwenye kumbukumbu na kuitumia tena fungu lilelile linaporudi. Ni mithili ya mkalimani mwenye daftari: sentensi aliyokwisha kuitafsiri haimsumbui mara ya pili.

Programu hizo zina mbinu nyingine. Gemu inapotaka kazi ya kawaida, kama vile kuchora picha kwenye kioo, haina haja ya kutafsiriwa hadi mwisho. Ombi lake hupelekwa moja kwa moja kwa programu ya ARM iliyomo ndani ya mashine, ambayo huifanya kazi hiyo kwa kasi yake kamili.

Kikwazo cha pili, yaani kile cha Windows, huondolewa na Wine, mradi ulioanza mwaka 1993. Wine haitafsiri lugha ya prosesa hata kidogo. Inachofanya ni kupokea maombi yaliyotumwa kwa Windows na kuyajibu kwa njia za Linux. Kwa sababu hiyo, Wine peke yake haitoshi kwenye mashine ya ARM, na Box64 peke yake haitoshi kwa gemu ya Windows. Hutumika pamoja. Winlator, programu ya Android iliyojitokeza mwaka 2023, imeziunganisha mbili hizo katika kifurushi kimoja cha simu.

Hapa ndipo watu wengi huchanganyikiwa kuhusu Steam Deck, mashine ya kiganjani ya Linux iliyoingia sokoni Februari 2022. Ni kweli kwamba huendesha maelfu ya gemu za Windows, lakini prosesa yake ni ya x86. Inahitaji kuvuka kikwazo kimoja tu, cha Windows, na hufanya hivyo kwa Proton, ambayo imejengwa juu ya Wine. Mafanikio yake si ushahidi kwamba simu yoyote itafanya vivyo hivyo.

Mfano wa Pandora

Mashine iliyokumbana na vikwazo vyote viwili mapema ni Pandora, kompyuta ndogo ya Linux yenye kibodi na vitufe vya michezo, iliyoanza kuwafikia wanunuzi mwaka 2010. Prosesa yake ilikuwa ya ARM, na nguvu zake zilikuwa ndogo mno kuweza kubeba mkalimani wa gemu nzito.

Mwaka 2014, mtaalamu anayejulikana kwa jina la notaz alifanikisha kuiendesha StarCraft, gemu ya Windows ya mwaka 1998, kwenye Pandora bila kuwa na msimbo wake asili, yaani maandishi ya awali ya watunzi wa programu. Alichukua maagizo ya x86 ya gemu hiyo, akayageuza kuwa msimbo wa lugha ya C, kisha akautengeneza upya kwa ajili ya ARM huku Wine ikijibu maombi ya Windows. Huyu hakuwa mkalimani wa papo kwa papo tena, bali mfasiri aliyekaa chini na kukitafsiri kitabu kizima kabla hakijafika kwa msomaji.

Kazi ya namna hiyo hutoa kasi nzuri, lakini inadai ujuzi mkubwa na muda mrefu, na gemu inayofuata hulazimu kuanza upya. Aidha, kutafsiri hakumpi mtu haki ya kumiliki. Anayeicheza bado anatakiwa kuwa na nakala yake halali, na Tanzania inayo Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999 inayolinda pia programu za kompyuta.

Gharama ya kutafsiri

Mkalimani hafanyi kazi bure. Agizo moja la x86 linaweza kuhitaji maagizo kadhaa ya ARM, na kila agizo la ziada hula umeme. Gemu za kisasa zinaongeza mzigo kwa sababu hugawa kazi kwa viini kadhaa vya prosesa kwa wakati mmoja. Prosesa za x86 zina kanuni kali kuhusu mpangilio ambao viini huona data ikiandikwa, wakati ARM imelegeza kanuni hizo. Mkalimani hulazimika kuweka vizuizi ili mpangilio usivurugike, na kila kizuizi kinapunguza kasi.

Mjini, hasara hiyo huonekana kama joto kwenye kiganja na feni inayovuma. Katika nyumba inayotegemea paneli ndogo ya umeme wa jua, hasa misimu ambayo ukungu hufunika milima ya Usambara, hasara hiyo ni saa za masomo zinazopotea. Betri ambayo ingetosha kwa mchana mzima humalizika kabla ya wakati.

Fundisho la Tanga

Iko njia inayozishinda zote: kuwa na msimbo asili. Mwenye msimbo huo hahitaji mkalimani wala mfasiri, kwani anaweza kuitengeneza programu upya kwa ajili ya prosesa anayoitaka. Kampuni ya id Software ilipotoa hadharani msimbo wa gemu yake ya Doom mwaka 1997, watu waliihamishia katika mashine ambazo watunzi wake hawakupata kuziwazia. Kwa sababu hiyohiyo, GCompris na Tux Paint, programu huria za watoto, hupatikana kwa x86 na kwa ARM pia.

Mkoa wa Tanga una mfano wake mkubwa. Kuanzia Desemba 2017, kwa muda wa miezi 15, watoto wapatao 2,700 katika vijiji 170 vya mkoa huo walijifunza kusoma, kuandika na kuhesabu kwa Kiswahili kupitia vishikwambi vilivyochajiwa kwa umeme wa jua. Hilo lilikuwa jaribio la shindano la Global Learning XPRIZE, lililoshirikisha Serikali ya Tanzania, UNESCO na Shirika la Mpango wa Chakula Duniani. Kwa mujibu wa waandaaji, zaidi ya asilimia 90 ya watoto hao hawakuweza kusoma hata neno moja la Kiswahili hapo mwanzo, na mwishoni idadi hiyo ilipungua kwa nusu. Mei 2019, Kitkit School na onebillion ziligawana zawadi ya dola milioni 10.

Vishikwambi vilivyotumika vilikuwa Pixel C, vyenye prosesa ya ARM. Google iliacha kuviuza Desemba 2017, mwezi uleule ambao jaribio lilianza. Iwapo masomo hayo yangefungwa ndani ya mashine hizo, uhai wake ungekuwa sawa na uhai wa betri zake. Hata hivyo, masharti ya shindano yalizitaka timu zote tano za fainali kutoa msimbo wao kwa leseni huria. Kwa hiyo masomo yanaweza kurekebishwa na kuhamishiwa katika vishikwambi vya aina nyingine, hata baada ya vile vya kwanza kuzeeka.

Msimbo peke yake haujiendeshi, maana panatakiwa mtu wa kuufanyia kazi. Ujuzi huo haujawahi kuwa mgeni nchini. Mwaka 2004, mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi kwa Kiswahili. Iliwezekana kwa sababu OpenOffice ilikuwa huria, nao Watanzania hawakulazimika kumngoja mwenye kampuni aone faida katika lugha yao.

Kwa mwalimu au mzazi anayebeba flashi kupanda mlimani, swali la kwanza basi si ukubwa wa gemu wala uzuri wa picha zake. Anapaswa kuuliza kama ipo iliyotengenezwa kwa ajili ya ARM. Ikiwa haipo, aangalie kama msimbo wake ni huria, kwa kuwa panaweza kupatikana mtu wa kuitengeneza upya. Mkalimani abaki kuwa tegemeo la mwisho, na mwenye kumtumia ajue mapema kwamba malipo yake yatatoka kwenye betri.