Kwa Nini Mbegu za Maharagi Huchanganywa

Katika vilima vya Masisi, si mbali na Goma, wakulima wengi wamezoea tangu zamani kupanda maharagi ya namna nyingi katika shamba moja: mekundu, meupe, ya njano na yenye mabaka. Mnunuzi wa mjini hupenda maharagi ya rangi moja, kwa maana huiva pamoja. Je, mkulima ni mvivu wa kuchambua? Sivyo. Anajikinga na adui.

Adui huyo ni ugonjwa wa madoa-pembe. Majani hupata madoa ya kahawia yenye pembe, kisha hukauka na kupukutika. Kinacholeta ugonjwa ni ukungu mdogo sana. Hukaa katika mbegu na katika mabaki ya mimea, na mvua na upepo huueneza.

Maharagi nayo hujilinda. Aina nyingine huutambua ukungu na kuuzuia. Lakini ukungu huzaa upesi, na katika uzao wake mwingi huweza kutokea mmoja usiotambuliwa. Huo hustawi na kujaa shambani. Tena, mimea inayoweza kuuzuia ukungu huo mpya ndiyo inayotoa mbegu nyingi. Hivyo, kizazi kwa kizazi, mmea huugeuza ukungu, na ukungu huugeuza mmea.

Ushahidi upo. Maharagi asili yake ni Amerika. Huko watu wa kale waliyalima mahali pawili mbalimbali: upande wa Meksiko, na katika milima ya Andes. Wataalamu walipouchunguza ukungu, waliona kwamba nao una makundi mawili. La Andes hushambulia hasa maharagi ya Andes, na la Meksiko huyadhuru zaidi ya Meksiko. Kila ukungu umejifunza nyumba ya mwenyeji wake.

Basi, apandaye aina moja tu huweka kufuli moja kwa milango yote. Adui akipata ufunguo, mavuno yamekwisha, labda na mbegu ya msimu ujao. Penye mchanganyiko, aina moja ikiugua, nyingine husimama.

Mtoto akitumwa kuchambua mbegu, aondoe punje zilizooza na zenye makovu. Rangi asizitupe.

Maswali
1. Ukungu wa madoa-pembe huenea kwa njia gani?
2. Kwa nini aina moja ya mbegu ni hatari?
3. Kwenu hupandwa maharagi ya aina ngapi?