Maqamat ya al-Hariri katika Kiingereza

Al-Hariri wa Basra, aliyefariki mwaka 1122, alitunga Maqamat 50 juu ya Abu Zayd, laghai ambaye kwa ufasaha wake huwatoa watu fedha. Nathari yake ina vina, na baadhi ya vifungu husomeka hata toka mwisho hadi mwanzo. Mwaka 1867 Thomas Chenery alizifasiri hadithi 26 za kwanza kwa kufuata maana, akiongeza maelezo mengi. Mchezo wa lugha ukafifia. Mwaka 2020 Michael Cooperson aliipa kila hadithi Kiingereza cha namna yake, mara cha Chaucer, mara cha mitaa ya Singapore, ingawa hivyo aliyaacha mbali maneno ya asili. Kwa maoni yetu, yafaa tafsiri hizo zisomwe pamoja: Chenery aeleza alilosema Abu Zayd, Cooperson aonyesha kwa nini wasikilizaji walifungua mifuko yao.