Mazungumzo ya kazini yanavyozaa maarifa viwandani Nyeri

KATIKA viwanda vya kahawa vya Othaya, Mathira na Mukurweini, Kaunti ya Nyeri, uamuzi mzito zaidi wa siku hutolewa na kiganja cha mkono.

Kahawa ikishamenywa maganda mekundu hulazwa matangini ili utelezi unaoizunguka uchachuke na kubanduka. Mfanyakazi huchota punje na kuzisugua. Zikiteleza, bado, zikikwaruza kama changarawe, wakati wa kuziosha umewadia. Akichelewa, kahawa huchacha kupita kiasi na kupoteza ladha. Baridi ya miinuko ya Mlima Kenya hubadili muda unaohitajika, hivyo saa ya ukutani haimfai sana.

Maarifa ya namna hii hayamo daftarini. Wasomi wa Japani, Ikujiro Nonaka na Hirotaka Takeuchi, walieleza katika kitabu chao cha mwaka 1995 kwamba kampuni hupata ujuzi mpya pale maarifa yaliyofichika mikononi yanapotafutiwa maneno mbele ya wenzake mtu. Mfano wao maarufu ni kampuni ya Matsushita, iliyotatizika kuunda mashine ya kuoka mkate hadi mtaalamu wake alipojifunza kwa mwokaji wa hoteli mjini Osaka, kisha akawasimulia wahandisi jinsi donge lilivyovutwa na kusokotwa.

Huku Nyeri, mara nyingi kilichokosekana ni mtu wa pili wa kuzungumza naye. Kwa miaka mingi kahawa ilipelekwa mnadani Nairobi. Aliyeiosha hakuionja, aliyeionja hakuliona tangi. Kasoro ilirudi kijijini ikiwa bei duni isiyo na maelezo, na mkulima ndiye aliyeumia.

Mauzo ya moja kwa moja yalipoanza kuruhusiwa mwaka 2006, baadhi ya wanunuzi wa kigeni walipata sababu ya kufika viwandani wenyewe. Mwonjaji akitaja harufu asiyoipenda, naye msimamizi akakumbuka kuwa usiku ule mvua ilichafua maji ya mto, wawili hao hubaini jambo ambalo hakuna aliyelijua peke yake. Ni mazungumzo ya dakika chache tu, lakini hayawezi kufanywa kwa risiti.

Hata hivyo, vibarua wengi huajiriwa kwa msimu, hasa kati ya Oktoba na Desemba foleni za wakulima zinaporefuka. Msimu ukiisha huenda zao, na mwaka unaofuata kiganja kingine huanza kujifunza upya.