Bujumbura, Jiji Kati ya Uwanda wa Imbo na Milima

Bujumbura, jiji kubwa kuliko yote nchini Burundi, limekaa kwenye ncha ya kaskazini-mashariki ya Ziwa Tanganyika, na ingawa makao makuu ya kisiasa yalihamishiwa Gitega mwaka 2019, bandari, viwanda na biashara kubwa vimebaki ziwani. Mgeni huelekezwa kwanza kwenye fukwe za Saga, jambo ambalo halina ubaya wowote, lakini anayetaka kujua jiji hili linakula nini na linategemea nini hana budi kuanza na mwinuko wa ardhi.

Jiji liko kwenye sakafu ya bonde la ufa, kwenye mita zipatazo 780 juu ya usawa wa bahari, na mashariki yake inapanda ghafla safu ya milima inayoyatenga maji yaendayo Kongo na yale yaendayo Nile. Anayepanda Barabara ya Kitaifa Namba 1 hufika Bugarama, penye mwinuko wa zaidi ya mita 2,000, kabla ya kumaliza kilomita 40, na hukuta kandokando ya njia kabichi, karoti na viazi mviringo vimepangwa mafungu mafungu, huku yeye mwenyewe, aliyetoka jijini akitokwa jasho, akitafuta sweta. Kwa miaka mingi mazao ya huko yalishuka kwa baiskeli zilizosheheni kupita kiasi, ambazo waendeshaji wake hupanda tena mlima kwa kujishikiza nyuma ya malori, desturi ya hatari isiyopaswa kusifiwa kama burudani ya watalii. Mwezi Machi 2022 baiskeli, bajaji na pikipiki zilipigwa marufuku kuingia katikati ya jiji.

Upande wa pili wa maisha hayo ni Imbo, yaani uwanda wa joto unaoandamana na mto Rusizi hadi Cibitoke, ambao hupata mvua kidogo kuliko milima, takriban milimita 800 hadi 1,000 kwa mwaka, kwa kuwa hewa inayoshuka kutoka vileleni hupata joto na kukauka. Hiyo ndiyo sababu mpunga wa Gihanga hauachiwi mvua peke yake bali hunyweshwa kwa mifereji inayochota maji ya mto Mpanda, chini ya SRDI, shirika la umma linalosimamia maendeleo ya uwanda huo. Mistari iliyonyooka ya mashamba, ambayo mgeni huiona akiwa angani, ni urithi wa mpango wa Wabelgiji wa kuwapimia wakulima viwanja vya familia, ambao pamba ilikuwa shabaha yake kubwa. Leo mpunga umeipita pamba kwa mbali. Kusini, Rumonge hukamua mawese, mafuta mekundu ya michikichi yanayoungia maharage ya nyumba nyingi za jijini.

Ziwa nalo ni shamba la namna yake. Ndagala, samaki wadogo wanaofahamika Tanzania kama dagaa, huvuliwa usiku kwa taa zinazowavuta juu, kwa hiyo usiku wa mbalamwezi kali huwa na mavuno haba, ilhali mukeke, samaki mkubwa kuwazidi na anayewala hao hao, ndiye anayechomwa mzima na kuletwa mezani pamoja na ndizi. Vyote hivi vilikutana katika Soko Kuu hadi lilipoteketea tarehe 27 Januari 2013, na tangu hapo biashara ilitawanyikia masoko mengine, likiwemo Ruvumera la mtaa wa Buyenzi, ambako mgeni anayezungumza Kiswahili hahitaji mkalimani.

Msimu wa kiangazi, kuanzia Juni hadi Agosti, ndio rahisi kwa safari. Wakati wa mvua, mito Ntahangwa na Muha huteremka milimani ikiwa imebeba udongo wa miteremko iliyolimwa bila matuta ya kutosha, ikimega kingo zake na kuzisogelea nyumba. Usiku wa kuamkia tarehe 10 Februari 2014 mafuriko ya namna hiyo yaliua makumi ya watu katika mitaa ya kaskazini. Kwa hiyo mitaro ya kuzuia mmomonyoko inayochimbwa juu ya vilima ni kazi ya mipango miji kama ilivyo kazi ya kilimo.